NANI HAYUPO KATIKA SAFU? Ubongo wa mwanadamu na haja yake ya kusaidiwa na wenzake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

(Tafadhali usiisome karatasi hii wakati imamu yuko juu ya mimbari. Sikiliza khutba kwanza.)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu na kumpa akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Masahaba zake, na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.



Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mama mmoja aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Hakuwa mtu mwenye jina kubwa. Ikatokea Mtume (S.A.W.) hakumwona, akamuulizia. Akaambiwa kwamba amekwisha kufariki. Masahaba walikuwa wamemzika bila kumwarifu, kwa sababu waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume (S.A.W.) hakupendezwa na jambo hilo. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Zingatia, ndugu yangu. Kiongozi wa umma mzima, mwenye wajumbe wa kupokea na majeshi ya kupanga, alijua kwamba mfagiaji hayupo. Je, sisi wa Buluo, ambao safu zetu si nyingi, tunajua leo nani hayupo?

Wengi tunadhani kumjulia hali mwenzako ni adabu nzuri tu, ukifanya umefanya, usipofanya hakuna kilichoharibika. Katika somo hili tutaona kwamba si hivyo. Msaada wa mtu kwa mtu unaingia mpaka ndani ya ubongo, na kuachwa peke yako nako kunaingia humo humo.

1. MZIGO UNAVYOFANYA KAZI NDANI YA KICHWA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Hiyo ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini ubongo hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu ya mwili uliotulia. Ndani yake Allah (S.W.) ameweka mlinzi. Ni kipande kidogo chenye umbo la lozi, kimoja kulia na kimoja kushoto, ambacho wataalamu hukiita amigdala. Mojawapo ya kazi zake kubwa ni kutambua hatari.

Ukisikia mlio wa risasi usiku, mlinzi huyu hupiga kelele kabla wewe mwenyewe hujafikiri lolote. Habari hufika hadi kwenye tezi mbili zilizoko juu ya figo, nazo humwaga katika damu vitu viwili: adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda katika damu, miguu inapata nguvu ya kukimbia. Hiyo ni rehema ya Mola wetu, na hatari ikipita mwili hutulia.

Tatizo ni kwamba mlinzi huyo hupiga kelele zile zile kwa ajili ya deni. Hupiga kelele kwa kodi ya nyumba, kwa mtoto mgonjwa, kwa mume aliyekufa, kwa kesi isiyokwisha. Risasi hupita kwa dakika chache, lakini deni hulala na wewe na kuamka na wewe kwa miezi. Basi kotisoli inaendelea kumwagika wakati haihitajiki.

Mwaka 1968 mtaalamu Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York, waligundua kwa kuchunguza panya kwamba homoni za namna hii huingia katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Sehemu hii ndiyo inayosaidia kutunza kumbukumbu. Uchunguzi uliofuata kwa wanyama ulionyesha kwamba dhiki ikidumu, matawi ya seli za sehemu hiyo husinyaa. Hata sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo hutusaidia kupima mambo na kujizuia, hudhoofika.

Sasa elewa unachokiona mtaani. Mtu mwenye mawazo mengi hukosa usingizi, husahau, hukasirika kwa jambo dogo, hushindwa kuamua. Sisi tunasema: "Siku hizi ana kiburi, hata hasalimii." Au: "Amekuwa mvivu." Huenda si kiburi wala uvivu. Huenda amechoka ndani ya kichwa, mahali ambapo jicho lako halifiki.

2. MKONO WA MWENZAKO

Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, James Coan, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi walioufanya kwa wanawake 16 walioolewa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, akaambiwa kwamba huenda atapigwa na umeme kidogo kwenye kifundo cha mguu. Mara moja alikuwa peke yake, mara nyingine alishikwa mkono na mtu asiyemjua, na mara nyingine alishikwa mkono na mume wake.

Alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi kwa nguvu. Aliposhikwa mkono na mgeni zilipungua kidogo. Aliposhikwa mkono na mumewe zilitulia zaidi, na kwa wale wenye maelewano mazuri katika ndoa zilitulia zaidi tena. Tishio la umeme halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba ubongo ulijua hauko peke yake.

Upande wa pili nao umechunguzwa. Mwaka 2003 mtaalamu Naomi Eisenberger na wenzake waliwapa watu mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Baada ya muda mchezaji aliachwa, wengine wakawa wanarushiana mpira bila yeye. Huo ni mchezo tu, hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Lakini ndani ya ubongo, sehemu mojawapo inayohusika na adha ya maumivu ya mwili iliamka. Basi usiseme "nimemnyamazia tu, sikumfanya kitu". Kumtenga mtu ni kumfanya kitu.

Wala jambo hili haliishii katika mawazo. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano mzuri na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wengine kwa asilimia 50. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani anaumia kwa upweke.

3. ALIYOYAFANYA BIBI KHADIJA (R.A.)

Ndugu Muislamu, haya tunayoletewa na mashine za picha, sisi tuna mfano wake tangu usiku wa kwanza wa wahyi.

Mtume (S.A.W.) alishuka kutoka pango la Hira moyo wake ukitetemeka. Alikuwa ameona jambo ambalo hakulitazamia. Hakwenda sokoni wala hakujificha. Alikwenda nyumbani kwa mkewe. Tazama mambo manne ambayo Bibi Khadija (R.A.) aliyafanya:

Kwanza, Mtume (S.A.W.) aliomba afunikwe, akafunikwa mpaka hofu ikamwondoka. Hakuanza kuhojiwa mlangoni. Mwili ulitulizwa kwanza.

Pili, alimsikiliza. Mtume (S.A.W.) alimweleza yaliyotokea, na kwamba alijihofia nafsi yake. Bibi Khadija hakumcheka wala hakumwambia kwamba mwanamume haogopi.

Tatu, alimkumbusha mema yake mwenyewe: kwamba anaunga udugu, anabeba mzigo wa mnyonge, anamsaidia asiye na kitu, anamkirimu mgeni. Akamhakikishia kuwa Allah hawezi kumfedhehesha mtu wa namna hiyo. Mtu aliye katika hofu husahau kuwa yeye ni nani, na anahitaji mwenzake amkumbushe.

Nne, alimpeleka kwa mwenye elimu, Waraqa bin Nawfal. Hakudai kwamba anajua kila kitu.

Kutuliza, kusikiliza, kukumbusha, kupeleka kwa anayejua. Yaweke mambo haya manne kichwani, maana tutayarudia.

4. "ANA IMANI NDOGO", "AMELOGWA"

Kuna maneno mawili ambayo tunayasema upesi juu ya mtu mwenye huzuni, na yote mawili yanamfukuza kwetu.

La kwanza ni kwamba ana imani ndogo, kwamba angesali vizuri asingekuwa na mawazo. Ndugu yangu, Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakapofuka, naye alikuwa Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija na Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanachuoni wakauita Mwaka wa Huzuni. Na Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Allah ampe msaidizi, Harun ndugu yake. Allah hakumkemea kwa kuomba mwenzake. Alimpa. Dua ni silaha ya Muumini, na kumwambia mtu avumilie na asali ni nasiha nzuri. Lakini nasiha inayotolewa ukiwa umesimama mlangoni, miguu ikielekea kwako, humwacha mtu pale pale alipokuwa.

La pili ni kwamba amelogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Tunajua katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani na vikongwe wamekimbiwa kwa neno hilo moja. Anayemtuhumu mtu bila ushahidi amebeba dhambi. Na sasa umekwisha kujua: anayemtenga mtu amemuumiza ndani ya ubongo, na mtoto huumia zaidi, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa.

5. USHAHIDI KUTOKA KIVU

Huenda ukasema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna shida nyingine. Basi sikiliza ya nchini kwetu.

Mwaka 2011 ulianza uchunguzi katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, kwa wanawake waliodhulumiwa vibaya wakati wa vita. Wanawake 157 wa vijiji 7 waliwekwa katika vikundi vya watu 6 hadi 8. Walikutana kwa wiki kadhaa, wakafundishwa namna ya kuyachunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la kujilaumu kwa dhuluma waliyotendewa. Wanawake 248 wa vijiji 8 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo waliopewa mafunzo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya mafunzo kwisha, katika vile vikundi waliobaki na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Katika wale wengine walikuwa asilimia 42. Kabla ya hapo, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vikundi vya watu wenye huzuni nzito vilionyesha faida kama hiyo, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2003.

Usifahamu vibaya: vikundi hivyo havikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Vilikuwa na mpango, siku maalumu, na siri ilitunzwa. Lakini angalia vilivyotumika: watu wachache, mahali pa kukaa, na mtu aliyefundishwa. Hakuna kati ya hivyo ambacho msikiti wetu hauwezi kukitafuta.

6. WATU WATATU WA HAPA KWETU

Tuyalete sasa mambo haya Likasi.

Wa kwanza ni mzee aliyepoteza kazi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Tunazungumza sana juu ya mshahara uliopotea, na ni kweli. Lakini mtu yule alipoteza pia wenzake wa zamu, waliojua jina lake na kumuuliza jana ulikuwa wapi. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule, leo amepita 70. Wengi wamekwisha kufa. Aliyebaki anakaa mbele ya nyumba, na watu wanapita. Keti naye. Muulize juu ya kazi aliyoifanya. Hilo ndilo jambo la tatu la Bibi Khadija, kumkumbusha mtu mema yake.

Wa pili ni mfiwa. Jafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Je, sisi tukienda kilioni tunakwenda na sufuria, au tunakwenda kula? Mara ngapi mjane amekopa mfuko wa unga ili wageni wapate bukari? Kisha siku ya tatu mikeka inakunjwa, watu wanatoweka, na deni linabaki. Kumbuka kwamba mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10. Eda inamtaka akae nyumbani kwake. Haikumkataza kutembelewa na dada zake Waislamu. Katika wiki ya sita hakuna tena mgeni anayebisha hodi, na hapo ndipo anapowahitaji zaidi.

Wa tatu ni mfungwa. Jina la Buluo, ukilitaja mbali, watu wengi wanakumbuka gereza. Nabii Yusuf (A.S.) alipokuwa kifungoni alimuomba mwenzake aliyekuwa anatoka amtaje kwa bwana wake. Yule akasahau, na Yusuf akabaki humo miaka kadhaa. Mfungwa anaweza kuwa na kosa, na hakimu ana kazi yake. Lakini Umoja wa Mataifa, katika kanuni za mwaka 2015 zilizopewa jina la Nelson Mandela, umekataza kumweka mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo, kwa saa 22 au zaidi kila siku, bila kukutana na watu ipasavyo. Walijua kwamba upweke wa namna hiyo unaharibu akili. Katika magereza mengi ya nchi yetu chakula cha mfungwa kinategemea jamaa zake, na kuna asiye na jamaa hapa. Na akitoka, mtihani mwingine unamngoja msikitini: je, atapata nafasi katika safu, au watu watasogea?

7. MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

(a) Baada ya swala ya leo, kabla hujavaa viatu, angalia kulia na kushoto. Taja moyoni mtu mmoja ambaye hujamwona kwa Ijumaa mbili. Dada zetu wafanye hivyo upande wao.

(b) Nenda kwake kabla ya Ijumaa ijayo. Simu ni nzuri kwa aliye mbali, lakini ubongo unatulia zaidi kwa uso na mkono. Ukiweza, chukua kitu kidogo, hata sombe ya kupika.

(c) Ukifika, fuata utaratibu wa Bibi Khadija. Keti. Mwache atulie. Sikiliza zaidi kuliko unavyosema. Usikimbilie kumpa hukumu, wala usimsimulie shida zako kubwa kuliko zake. Mkumbushe jema moja unalolijua kwake, na liwe la kweli.

(d) Tunza siri. Maneno ya nyumba ile yakisikika kisimani, hatafungua tena mlango, wala hutakuwa umemsaidia.

(e) Ukiona mtu halali, hali, haogi, anasikia sauti zisizokuwepo, au anazungumza juu ya kufa, usimwache peke yake. Hilo ni jambo la nne: mpeleke hospitali, kaa naye mpaka aonwe na daktari. Kutafuta dawa ni sunna, na dawa haipingani na dua.

(f) Na kama mtu asiyeonekana ni wewe mwenyewe, ndugu yangu, umeipata karatasi hii mkononi mwa mtoto au jirani, basi jua kwamba kuomba msaada si aibu. Bora wa viumbe, siku alipotetemeka, aliomba afunikwe. Mtume wa watu ujumbe mmoja tu: njooni mnione.

Haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake ni pamoja na kumrudishia salamu, kumtembelea akiugua na kufuata jeneza lake. Wengi wetu tunaitimiza ya jeneza vizuri sana. Tuitimize na ile inayotangulia, wakati mtu bado anasikia.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wafiwa wetu, awafungulie njia wafungwa wetu, na asitufanye miongoni mwa wanaomkumbuka ndugu yao siku ya kumzika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma, mpelekee yule ambaye leo hakuja.)